Mkaguzi wa Chumba cha Wageni

Mei 2025 Baba aliteleza bafuni kwake Korogwe, na kundi la ukoo la WhatsApp likageuka kikao cha dharura. Mdogo wangu anayeishi Ujerumani akaandika, kwa nia njema kabisa, kwamba kule wazee huwekwa kwenye nyumba maalumu zenye bustani na wauguzi wa zamu. Shangazi akamjibu kwa sauti, dakika nne. Dakika ya kwanza ilikuwa kusonya tu. Tatu zilizobaki zilieleza nani alimbeba nani mgongoni. Tukafunga kikao kwa azimio moja: nyumba ya wazee ya ukoo wetu iko Tabata, nayo ni chumba changu cha wageni. Muuguzi wa zamu, mimi. Mtunza fedha, mimi.

Uuguzi sikuuogopa. Fedha ndizo zilizonitoa jasho, maana Baba mwenyewe alikuwa mhasibu wa halmashauri, akastaafu mwaka 2004 bila kudaiwa hata pini.

Tulianza na simu. Pensheni ikiingia benki, Baba huihamishia kwenye simu, halafu matumizi yote hutokea humo. Nikamwomba namba ya siri. Akanitazama kama mtu aliyeombwa funguo za kasiki ya Serikali.

"Mama, siri ni siri."

Basi nikaamua kubahatisha. Mtu aliyezaliwa 1944 namba yake haikosi historia ndani yake. Nikabonyeza 1961, Uhuru. Siyo. 1964, Muungano. Siyo. 1977, chama kuzaliwa. Akaunti ikafungwa.

"Ni 1967," akasema Baba bila kuinua macho kwenye gazeti. "Azimio la Arusha. Unarukiaje chama hujapita kwenye Azimio?"

Baadaye nilikuja kujua kwamba wakala wa kule stendi anaijua namba hiyo, bodaboda wake anaijua, na mama wa genge alinitajia kabla sijamaliza salamu. Korogwe nzima ilikuwa inajua. Aliyefichwa ni binti yake wa kwanza.

Kufungua akaunti kulitaka mwenye laini afike mwenyewe, na vidole vyake. Dukani tulimkuta kijana mwenye adabu. "Shikamoo, babu. Weka dole gumba hapa." Mashine ikagoma. Cha shahada, ikagoma. Miaka ishirini ya jembe tangu astaafu ilikuwa imezisugua zile alama mpaka vidole vikawa laini kama kipande cha sabuni kinachokaribia kwisha. Kilipogoma cha kumi, Baba akainama, akaanza kufungua kamba za kiatu.

"Babu, vipi tena?"

"Si unataka vidole? Hivi vya juu vimekwisha, tujaribu vya chini."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kijana akalilowesha dole gumba kwa kitambaa chenye maji, akarudia na kurudia, mashine ikakubali ghafla kama mtu aliyechoka kubishana.

Nikadhani yamekwisha. Wiki iliyofuata, nikipanga begi lake, nikakuta kopo la maziwa ya unga limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani mna noti zimekunjwa vizuri: za mia tano zenye kichwa cha nyati, na za elfu kumi za toleo la 2003. Nikahesabu. Laki tatu na arobaini. Magoti yakaniishia nguvu, kwa sababu Benki Kuu ilitoa muda wa kubadilisha noti hizo kuanzia tarehe 6 Januari 2025 hadi 5 Aprili, na sisi tulikuwa Juni. Nililia. Nikaenda kumweleza taratibu, kwa sauti ile ya kutangaza msiba.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Za kwangu nilizibadilisha Februari," akasema. "Nilikwenda na bodaboda mpaka benki. Hizo nilizibakiza kwenye kopo kwa ajili ya mwizi."

"Mwizi gani, Baba?"

"Nilikuwa sijamjua. Sasa nimemjua."

Nilipouliza zilizobadilishwa ziko wapi, akasema hiyo ni hoja ya kikao kingine. Mpaka leo nangoja kikao hicho.

Tangu hapo tukaelewana kiofisi. Kila mwezi ananipa masurufu: dawa za presha, unga wa lishe, gazeti, vocha. Kila mwezi narejesha masurufu kwa stakabadhi. Mwenye duka la dawa hana neno, anatoa. Lakini jaribu kumdai risiti mama wa genge wa hapa Tabata kwa mafungu mawili ya nyanya. Aliniuliza kama nimehamishiwa mamlaka ya mapato. Nikaandika mwenyewe kwenye kipande cha boksi, akakitia dole gumba lenye juisi ya nyanya. Baba alikikataa: "Hiki ni kiambatisho au kachumbari?"

Mkaguzi Mkuu wa Serikali hukabidhi ripoti yake kwa Rais mwishoni mwa Machi. Wa kwangu hukabidhi kila mwisho wa mwezi, baada ya chakula cha usiku, miwani puani na kalamu nyekundu mkononi. Wajukuu hukaa kimya kama kamati ya Bunge.

Wewe unayejiandaa kumpokea mzee wako, kitanda na godoro ni sehemu rahisi. Muulize mapema, angali na kumbukumbu, laini ipi ina fedha, kitambulisho kiko wapi, nani anamdai na kopo lipi ni la mwizi. Na usitupe risiti.

Mwezi uliopita nilipata hati yenye shaka. Shilingi 14,500 hazikuwa na viambatisho, nikaagizwa kuzirejesha kabla ya Ijumaa. Nilizirejesha Alhamisi, naye akanikatia stakabadhi.