Mpambe Mwenye Ndevu

Mke wangu ni fundi cherehani wa Tanga, na fundi wa Tanga hatishwi na mshono. Jirani alipomwalika kwenye tamasha la mwandishi wa riwaya Jane Austen, linalofanyika hapa Bath, Uingereza, kila Septemba, watu wakitembea barabarani kwa mavazi ya enzi zake, mwanzoni mwa karne ya 19, aliitazama picha ya gauni akaangua kicheko.

"Hili? Si gauni la kulalia hili! Halina kiuno, halina marinda. Nalimaliza jioni moja."

Ukiitazama ile picha, huwezi kumbishia. Mabibi wa karne ya 18 walitanua nyonga kwa magagulo na pedi. Ilipoingia 1800 yote hayo yalikuwa yamewekwa kando. Mshono wa kiuno ulipanda hadi chini ya matiti, kitambaa kikateremka wima mpaka miguuni, kwa kuiga sanamu za Wagiriki wa kale. Wepesi huo, kumbe, ulikuwa wa macho tu. Kazi haikupungua, ilihamishiwa kwa mtu mwingine, na nyumbani kwetu mtu huyo ni mimi.

Tulianza na kitambaa. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea, alikifikicha kwa vidole viwili akatamka, "Melimeli hii." Hakukosea. Melimeli za Bengal ndizo zilizowatia wazimu mabibi wa Uingereza, hata baada ya viwanda vya Lancashire kuanza kufuma za kwao. Aprili 1811, Austen mwenyewe akiwa London, alitoa shilingi 7 kwa yadi ya melimeli ya miraba, kisha akatamani nyingine ya rangi, akachukua yadi 10. Mke wangu alinisomea kwa sauti barua ambamo Austen anasimulia hayo, akanikabidhi risiti ya kitambaa chake mwenyewe.

Siku ya matembezi ndipo nilipoajiriwa rasmi. Kwanza shimizi. Juu yake kizibao kigumu kinachokazwa mgongoni kwa kamba moja, tundu baada ya tundu. Halafu kijiti bapa cha mti kinachopenyezwa mbele, kutoka katikati ya kifua kushuka tumboni. Akishakivaa kijiti hicho, mtu hainami tena.

"Viatu," alisema, kidevu juu.

Nikapiga magoti kufunga riboni. Likafuata gauni lenyewe, na vifungo vyake vyote viko nyuma, vidogo kama punje za mtama.

"Kaza, baba," mama mkwe alisimamia kutoka kwenye kochi. "Uliposa mwenyewe."

Bibi mwenye uwezo wa enzi zile alikuwa na mtumishi wa kumvika. Hata ule weupe ulikuwa majivuno: aliyeweza kutembea na gauni jeupe alikuwa na mtu wa kumfulia.

Tukafika mlangoni, likazuka la mifuko. Zamani wanawake walijifunga mifuko mipana kiunoni, chini ya sketi, wakapenyeza mkono kwenye upenyo wa pembeni. Gauni lilipobana mfuko ungetuna, kwa hiyo wengi wakahamia kwenye kipochi cha kamba kinachoning'inia mkononi. Kipochi cha mke wangu kilimeza leso ya pua na rangi ya midomo, basi. Simu, funguo, mwavuli na kadi ya basi vikaingia kwenye koti langu. Mama mkwe alifungua fundo la kanga yake, akahesabu pesa zake taratibu, akalifunga tena.

"Mabibi wakubwa, na hawana pa kuweka funguo!"

Mvua ikanyesha, Bath ikatoa tope, na pindo la gauni likarudi jeusi. Usiku mama mkwe, kwa huruma zake, alilitia kwenye mashine pamoja na kanga nyekundu ambayo haijawahi kuona maji. Likatoka la waridi.

Nilijaribu kutuliza hali. Nikamweleza mke wangu kwamba Oktoba 1808 Austen alimlalamikia dada yake kuhusu gauni la buluu lililoharibiwa na rangi, likawa likiguswa tu linaachana, na shilingi 4 zikapotea bure.

"Yeye aliilaumu rangi," alinijibu. "Mimi nimlaumu nani, mama yangu mzazi?"

"Nilaumu," alisema mama mkwe. "Lakini useme pia kwamba kitambaa hakikuchanika."

Kweli hakikuchanika. Mke wangu alilikagua gauni mshono kwa mshono, akafumua ubavuni, akatia mfuko mkubwa wa kuingia simu na funguo, kisha akavihamishia vifungo vyote mbele. Jirani alipoliona alisikitika, akasema sasa si sahihi kihistoria.

"Usahihi wa kihistoria ni kuwa na mtumishi," mke wangu alimwambia. "Na huyu wangu anaingia zamu ya usiku."