Mtandao Mbovu Uenziwe

Hakuna mwenye simu asiyeutukana mtandao mbovu. Kiduara kinazunguka kwenye kioo, ujumbe una tiki moja tangu asubuhi, mtu kapanda kichuguu kainua mkono kama anayeapishwa, na wa upande wa pili anasikika akisema “haloo, haloo”, kisha kimya. Lawama zote hizo humwangukia mfadhili mkubwa wa teknolojia ambaye hajawahi kupewa hata cheti cha shukrani. Ukifuatilia mambo yaliyobuniwa kwa akili nyingi kwenye mawasiliano, mengi utakuta yalibuniwa na watu waliokuwa na mtandao wa kusikitisha. Wenye mtandao wa kasi kazi yao imekuwa kuutumia tu.

Tuanze na mteja anayekaa mbali kuliko wote. Chombo cha Voyager 1 kilirushwa Septemba 1977, na sasa mawimbi yake huchukua zaidi ya saa 22 kufika Duniani. Kwa kawaida hutuma biti 160 kwa sekunde, kasi ambayo picha moja ya harusi yenye megabaiti 3 ingemaliza karibu siku mbili njiani. Novemba 2023 kikaanza kutuma upuuzi mtupu, kwa sababu chipu moja ya kumbukumbu kwenye kompyuta yake ilikuwa imekufa. Wahandisi wa NASA hawakupata nafasi moja ya kutosha kuhamishia programu iliyokuwa humo, basi wakaikata vipande, wakavitawanya kwenye mianya ya kumbukumbu iliyobaki, wakarekebisha kila mahali palipotaja anwani za zamani, wakatuma, wakaenda kulala. Jibu lilifika Aprili 20, 2024, na lilikuwa zuri. Kwa mtandao wa kasi wangebofya hiki wakajaribu kile, kama sisi sote tufanyavyo, labda hadi wakiue chombo chenyewe. Ucheleweshaji wa siku karibu mbili kwenda na kurudi humlazimisha mtu kufikiri kabla ya kubonyeza. Chombo cha Galileo nacho, kikiwa njiani kwenda Mshtarii, antena yake kuu ilikwama mwaka 1991 bila kufunguka sawasawa. Kilitarajiwa kutuma biti zaidi ya laki moja kwa sekunde. Kikabaki na antena ndogo iliyoanza na biti chache tu. Kikatumiwa programu mpya za kubana data, antena za Duniani zikaboreshwa, na ni kwa njia hiyo nyembamba ndipo tulipopata ushahidi wa bahari ya chumvi chini ya barafu ya Europa, mwezi wa Mshtarii.

Wacheza gemu nao wanadaiwa shukrani. Waliotengeneza gemu ya vita ya Age of Empires, iliyotoka mwaka 1997, walitaka watu wanane wapigane kwa majeshi makubwa kupitia modemu za simu za mezani. Kutuma mahali alipo kila askari hakukuwezekana. Wakaamua kila kompyuta iendeshe vita vilevile yenyewe, na waya upitishe amri tu, zitekelezwe baada ya kitambo kidogo ili zote ziende sambamba. Wakagundua pia kwamba mchezaji huvumilia ucheleweshaji usiobadilika kuliko kasi inayokuja na kuondoka. Kabla yake, Desemba 1996, mtengenezaji wa gemu John Carmack alitoa QuakeWorld, toleo la mtandaoni la gemu ya Quake, ambamo kompyuta ya mchezaji haisubiri seva. Hukisia hatua inayofuata na kujisahihisha baadaye. Michezo ya kulenga shabaha ya leo bado inakula matunda ya modemu zile. Tena bado yanahitajika: kijana wa Dar es Salaam anayecheza kwenye seva ya London hawezi kupata jibu chini ya milisekunde 70 hivi, hata minara ikiota kila kona, maana nuru ndani ya nyuzi za kioo ina mwendo wake. Na aliyefungwa mabao matano atamsingizia nani, mtandao ukiwa safi?

Huku kwetu ushahidi uko mfukoni. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 haikungoja intaneti wala simu janja. Ilipita kwenye njia nyembamba ya ujumbe mfupi, wenye herufi zisizozidi 160. Kabla yake watu walikuwa wamevumbua kubipu: mlio mmoja nimefika, miwili nipigie. Huo ni ujumbe uliobanwa kuliko data za Galileo, tena bila malipo.

Atatokea wa kuniuliza: mjamzito anayehitaji gari la wagonjwa usiku, na kijiji chake hakina hata kijiti kimoja cha mtandao, naye aenzi nini? Hapo sina utani. Mnara wa kupiga simu ni haki yake, na sifa hizi haziwahusu wanaouza kasi wasiyokuwa nayo. Voyager angalau haijauziwa bando linaloisha saa sita usiku. Mwingine atasema wabunifu ni wahandisi, mtandao mbovu hauna sifa yoyote. Sawa, lakini tazama wahandisi haohao wanavyofanya wakiachiwa uwanja. Kompyuta zote za Voyager zina kumbukumbu isiyofika kilobaiti 70, ilhali kuna gemu za siku hizi zinazodai gigabaiti zaidi ya 100 kabla hujafyatua risasi ya kwanza.

Watakaokwenda Mirihi wataishi na kuchelewa kwa dakika hadi 22 kwa upande mmoja. “Haloo, unanisikia?” huenda ikajibiwa baada ya karibu robo tatu ya saa, kwa hiyo watakaochaguliwa wawe watu wa kusema yote kwa mkupuo. Wako tele, wanaoandika kabla mtandao haujapotea: salamu, shida yenyewe, kiasi, namba ya kutuma, na jina litakalotokea.