Muulize Shangazi Pilipili: Bahasha Kutoka Chicago

Wiki hii nimepokea bahasha moja nene yenye stempu iliyokwisha kutumika. Ndani mna barua nne za watu wa nyumba moja. Kila mmoja amemwandikia Shangazi kwa siri, kisha wote wakatumia bahasha hiyohiyo, maana hakuna aliyekuwa na hela ya bahasha ya pili. Zimeandikwa nyuma ya risiti za duka la viatu vya kike. Anayefuatilia runinga ya Marekani keshajua hawa ni kina nani. Asiyewajua atawajua sasa hivi. Baada yao nimeweka barua mbili za hapa kwetu.

*Shangazi, shikamoo. Nauza viatu vya wanawake. Nikirudi jioni jiko ni baridi, mke yuko kochini anatazama Oprah, watoto wameshanyoosha mikono kabla sijavua koti. Mbwa naye ananisubiri. Na hakuna anayejali kwamba mwaka 1966, nikiwa shule ya sekondari ya Polk, nilifunga tachidauni nne katika mchezo mmoja wa mpira wa Kimarekani. Nifanyeje? — Aliyechoka, Chicago.*

Marahaba, baba Al Bundy. Nakufahamu tangu Aprili 1987, pale kituo cha Fox, kikiwa bado kichanga, kilipoanza kukuonyesha katika Married... with Children. Mwanzoni mwa kila kipindi tunakukuta kochini unagawa noti: huyu chukua, na wewe chukua, mama chukua, mpaka mbwa. Huku nyuma Frank Sinatra anaimba kwa sauti ya asali jinsi mapenzi na ndoa vinavyokwenda pamoja. Aliyeamua kuuweka wimbo ule juu ya picha ile ana pilipili kunishinda mimi mwenye jina.

Kuhusu tachidauni nne, nakuelewa. Kila mtaa una mzee wa aina yako. Aliwahi kuchezea timu ya mkoa, goti likamsaliti, na sasa ukikaa naye barazani kwenye kahawa huinuki kabla hujasikia bao lile la dakika ya mwisho. Tofauti ni kwamba mzee wetu anasikilizwa kwa heshima, na pengine atanunuliwa kashata. Wewe watu wako wanakusikiliza ili wakucheke. Waandishi wako walikupa ushindi mmoja tu wa maisha, wakauweka ujanani, halafu wakakuamuru uende kazini kila siku kwa misimu 11. Nikilitazama hilo bila kicheko, naona msiba.

Ushauri: usiache kazi, usimwache mke. Kaa hapohapo. Sababu yake nitamweleza mtu mwingine huko chini, nawe usikilize.

*Shangazi, mume wangu hanitaki. Mimi nampenda, hasa siku ya mshahara. Anasema sipiki. Kwani jiko lile lina nini? — Mwenye Nywele Nyekundu, Chicago.*

Halina kitu, mwanangu, na ndiyo maana tunakutazama. Ulipokuja mjini, mama wa kuigwa alikuwa yule wa The Cosby Show, iliyoanza NBC mwaka 1984: wakili, ana watoto watano, nyumba inang'aa, na kila ugomvi unapatanishwa kabla kipindi hakijaisha. Michael G. Moye na Ron Leavitt, waliokuumba, waliuita mradi wao kwa utani "Si Akina Cosby". Wakachukua yote yale wakayapindua. Baba hana hela, mama hashiki mwiko, na mwishoni hakuna anayemkumbatia mwenzake.

Lakini nimekuchunguza, nikaona walikupa kitu ambacho wake wengi wa runinga wamenyimwa: ulimi. Mumeo akikurushia neno, unamrudishia lililonolewa zaidi, ukiwa umekunja miguu na peremende mdomoni. Ungekuwa mnyonge wa kuinamisha kichwa, kila tusi lake lingekuwa kofi, na mimi ningezima runinga nikampigia simu mjumbe wa nyumba kumi. Basi usianze kupika leo, utatuharibia.

*Shangazi, nina njaa. — Mtoto wa Pili, Chicago.*

Mwanangu Bud, jirani yenu Marcy anafanya kazi benki. Friji lake limejaa. Ukitoka ufunge mlango.

*Shangazi, nilikufa. Nikasema afadhali, nimepumzika. Nikazaliwa tena nikiwa mbwa mwingine, na walionichukua ni walewale. — Zamani Buck, Chicago.*

Pole. Wazee walisema lisilo dawa humezwa. Wewe ulilimeza mara mbili.

Sasa za hapa kwetu.

*Shangazi, shikamoo. Kijana wangu aliniwekea kipindi hicho kwenye flashi. Nikakifungua sebuleni, na baba mkwe yupo, amekuja kutoka Same kutusalimu. Yule bwana wa viatu akaanza kumsema mama mkwe wake kwa unene. Nikacheka mpaka machozi. Baba mkwe akachukua fimbo yake, akaenda kukaa nje chini ya mwembe. Huu ni usiku wa pili, anajibu salamu tu. — Mkwe, Morogoro.*

Marahaba. Mwanangu, umekosea mahali, hukukosea kicheko.

Usidhani mzee haujui mzaha mchungu. Mpare wa umri wake ameshazika wengi, na misibani amewaona watani wa Kichaga wakifanya vituko ambavyo Fox isingethubutu kuvirusha. Mtani anaiga mwendo wa marehemu, anadai madeni ambayo hayakuwahi kuwepo, analia kilio cha uongo kuwashinda wafiwa, anazuia jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Wafiwa wenyewe wanacheka huku kamasi zinawatoka. Hakuna anayemkasirikia. Kwa nini? Kwa sababu mtani yuleyule ndiye aliyeshika jembe asubuhi, na kesho akifiwa yeye, nyinyi mtakwenda kumfanyia vivyo hivyo. Ana leseni, na leseni ameilipia.

Wewe leseni yako iko wapi? Mkwe hamtanii mkwe. Umecheka mkwe akitukanwa, mbele ya mkwe wako, tena ukapiga na paja. Mzee amejiuliza swali ambalo hata mimi ningejiuliza: huyu ananisemaje nisipokuwepo?

Ujifariji kwamba hukuwa wa kwanza kuharibikiwa sebuleni. Mwaka 1989 mama mmoja wa Michigan, Terry Rakolta, alikuwa anakitazama kipindi hichohicho na watoto wake, na sehemu ya siku hiyo ikampeleka bwana wa viatu hadi duka la nguo za ndani za kike. Mama hakwenda kukaa chini ya mti. Aliandikia makampuni yaliyokuwa yakitangaza bidhaa zao humo. Baadhi yakajitoa, magazeti yakaandika. Fox nayo ikaingiwa na woga, ikafungia kabatini sehemu moja nzima ambayo Wamarekani hawakuiona hadi 2002. Na watazamaji? Wakaongezeka. Wale ambao hawakuwa na habari na Al Bundy waliwasha runinga kuona ni ubaya gani huo. Kila anayetaka kupiga marufuku mchezo wa kuchekesha huwa namkumbusha kisa hiki, na hakuna anayenisikia.

Kwa mzee, peleka chai ya tangawizi wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Kaa chini yake, si sambamba naye. Usimwambie "ilikuwa utani tu", hiyo huzidisha. Muulize kuhusu msiba mmoja wa zamani ambao watani walivuka mipaka. Akianza kusimulia atacheka mwenyewe, na hapo umepona.

*Shangazi, nimeandika mchezo wa kuchekesha wa runinga juu ya familia mbovu. Baba mlevi, mama anaiba michango ya kikundi, watoto wanauza vyombo vya ndani. Niliwasomea rafiki zangu, hakuna aliyecheka, mmoja akatoka nje. Nimeambatisha muswada. — Mwandishi Chipukizi, Nairobi.*

Nimeusoma wote, mwanangu, umeme ukiwa umekatika, kwa mwanga wa simu. Una sikio zuri. Yule mama anayehesabu hela za chama huku anaongoza sala ya ufunguzi, huyo nimemwona kwa macho yangu. Lakini ukurasa wa tatu baba anachukua begi, anaondoka, na harudi tena. Hapo ndipo rafiki yako alipotoka nje. Nadhani naye aliwahi kuondokewa na baba.

Rudi kwa wale wa Chicago. Kwa misimu 11 wametukanana kwa kila kitu: unene, njaa, ujinga, kitanda. Hakuna aliyeondoka. Na mtu wa nje akimgusa mmoja wao, wote wanne wanasimama, wanakusanya vichwa kama timu, wanapiga ukelele wa ukoo, wanamvamia. Mtazamaji anajua kwamba wiki ijayo atawakuta palepale kochini na mbwa wao. Kwa uhakika huo ndipo anapothubutu kucheka. Al anatukana kama mtani kwa sababu amelipa kama mtani: noti zimekwisha mfukoni, na hajaondoka.

Hata kabla yao ilikuwa hivyo. All in the Family, ambayo Wamarekani waliitoa kwenye mchezo wa BBC wakaionyesha kuanzia 1971, ilikuwa na baba mbaguzi, mkaidi, anayemkaripia mkewe kutwa. Ukienda makumbusho ya Smithsonian huko Washington utakuta wamehifadhi kiti chake. Walijua mchezo umekaa juu ya nini.

Usinielewe vibaya, sisemi umfanye baba awe mwema. Baba mwema wa runinga tulikuwa naye, na tulimpigia makofi. Bill Cosby, baba wa The Cosby Show, alitiwa hatiani mwaka 2018 kwa udhalilishaji wa kingono; mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ikaifuta hukumu hiyo. Sisi tuliokuwa tukiwaambia waume zetu "mtazame mwenzio" tulibaki tumeshika rimoti. Al Bundy hakuwahi kumwahidi mtu chochote.

Na kuna mahali pa kunyamaza. Mwaka 1991 Katey Sagal, aliyeigiza mke wa Al, alikuwa mjamzito kweli, na waandishi wakampa Peggy mimba vilevile. Mizaha ya mimba ikaanza kurushwa. Ujauzito ukiwa umekomaa, Sagal akampoteza mtoto. Waandishi hawa, ambao hadi hapo hawakuwa wameacha kitu bila kukitia pilipili, hawakutafuta mzaha wa kuwavusha. Al alizinduka usingizini, na yote yakawa ndoto yake. Mimba haikuwahi kuwepo. Nimewasema waandishi wengi katika safu hii, lakini wale siku ile nawavulia kanga ya kichwa.

Mwaka 1997 kipindi kilikatizwa bila hata sehemu ya kuagana. Hakuna harusi ya mwisho, hakuna kuhama nyumba, hakuna machozi mlangoni. Tuliwaacha ndani, na kwa hesabu yangu bado wamo.

Basi ukurasa wa tatu uandike upya. Baba afike mlangoni na begi lake, akute mvua, au akute mama ameshauza viatu vyake, mimi sijali, ila arudi akae. Halafu niletee. Ukikosa hela ya stempu, tia bahasha kwenye basi la Dar, nitaifuata stendi mwenyewe.