Namna ya Kupima Theluji ya Kibo Ukiwa Forodhani

Anza na mahali pa kamera. Ukuta wa Forodhani, Zanzibar, hauna mfano: bahari i wazi mbele yako, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko hukohuko kaskazini-magharibi, kilomita 400 hivi. Kwamba haionekani kisikuvunje moyo. Mlima wa mita 5,895 huzama nyuma ya mgongo wa dunia ukishakaa mbali nao kilomita 300 na ushei, hata hewa iwe safi vipi. Kosa ni la mlima.

Kamera ikishafungwa haiguswi. Picha ya leo lazima ilale juu ya ya jana bila kupishana, saa ileile, pembe ileile. Yangu niliifunga kwa kamba ya usumba kwenye mlingoti. Siku ya tatu vijana wa makachu wakaukanyaga mlingoti wajirushie baharini, theluji yangu ikahamia Bububu.

Kisha programu ya kusoma picha. Haijui theluji, inajua weupe. Mlimani hudanganywa na mawingu, hapa na kanzu. Ijumaa baada ya sala ilinipa theluji maradufu, na jioni moshi wa mishikaki ukaifunika nchi nzima.

Ukitaka barafu ya kweli, sogea kwa muuza juisi ya miwa. Chomeka kijiti chenye alama za sentimita kando ya bonge lake, kwa kuwaiga wapimaji wa barafu wenyewe. Saa kumi na mbili bonge lilifika alama ya 20. Saa mbili kasoro, ya sita. Nikamweleza mwenyewe kwamba barafu yake yapungua.

"Sheikh, wanunua au wapiga picha?"

Ya Kibo nayo ilikuwa karibu kilomita 12 za mraba mwaka 1912; mwaka 2011 haikufika 2. Tena sehemu yake huruka kuwa mvuke moja kwa moja, bila hata tone la kulowesha makubadhi.

Watakucheka, unapima usichokiona. Wataje Rebmann na Cooley. Rebmann, mmisionari, aliiona theluji ile kwa macho yake tarehe 11 Mei 1848, na kiongozi wake, kwa kukosa jina, akaiita "baridi" tu. Cooley, mwanajiografia aliyekaa zake London, akasema haipo. Wewe angalau uko Tanzania.

Safu ya mwisho ya daftari ni ya hali ya mlima. Jaza "haukuonekana" ya mwaka mzima leo hii, upate nafasi ya urojo.