Ndege Aliyetaka Tunyamaze

Mwenzangu mwenye familia, wewe unajua kwamba safari ya nyumba haiondoki saa iliyopangwa. Tulikubaliana saa kumi na mbili asubuhi tuwe stejini hapa Voi, tupande matatu ya Wundanyi. Saa mbili na nusu mke wangu, Mama Mghoi, bado alikuwa anatafuta sweta ya Kipaza. Na sweta, kwa joto letu hili la Voi, hulala chini kabisa ya sanduku, chini ya vitenge vya harusi.

Kipaza ni kitindamimba wetu, miaka minne. Jina alipewa na shemeji yangu kwa sababu mtoto huyu hajui kunong'ona. Hata siri ya peremende huitoa kwa sauti ya mnadani. Dada yake, Mghoi, tunamwita Hakimu, maana kila neno analiandika daftarini na siku moja atakusomea. Kisha kuna Mama, yaani mama mkwe. Wajukuu wanamwita Bibi Mlima, kwa kuwa kila kizuri duniani kwake kimetoka Werugha, alikozaliwa.

Aliyetuponza ni Hakimu. Alirudi kutoka shuleni na habari za ndege ambaye wataalamu humwita Turdus helleri, asiyeishi kokote duniani ila kwenye misitu ya milima ya Taita.

"Baba, watu wanatoka Ulaya kuja kumwona. Sisi tuko hapa Voi na hatujawahi."

Ungemjibu nini? Nilitafuta jibu siku tatu, nikalikosa, nikatafuta nauli.

Ukishapita Mwatate barabara inaanza kupanda, kona juu ya kona. Kwenye kona ya tatu Kipaza akatapikia leso ya mama yake. Bibi Mlima alikuwa na ndimu tayari kikapuni. Ameizoea njia hii, na matumbo ya wajukuu anayajua.

Msitu wenyewe ni Ngangao, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Una hekta 120 hivi tu. Nilipoambiwa hivyo niliingiwa na huzuni, maana ndege huyo hana kwingine: ni hapa, Mbololo, Chawia na vipande vichache vingine. Milima yetu ndiyo ncha ya kaskazini ya Tao la Mashariki, ile safu inayoshuka hadi Udzungwa kule Tanzania, na upande wa Kenya hakuna mingine ila hii.

Kijana aliyetuongoza alitusimamisha pale kijia kinapoingia mitini. "Anakula wadudu chini, kwenye majani makavu," alisema. "Tukinyamaza, atatokea." Mimi na Mama Mghoi tukatazamana, kisha sote wawili tukamtazama Kipaza.

Bibi Mlima hakutaka kupanda. "Nimeokota kuni hapa nikiwa msichana, mwanangu. Nendeni tu." Akakaa juu ya gogo na kikapu chake cha kimanga.

Ndani mle kulikuwa na ukungu, na sikuwa nimeona mvua lakini tulilowa. Kijana akatuonyesha gome la mti lililofunikwa na kitu cha kijani, laini kama zulia. Ukilisogelea unaona kila kijinywele kimebeba tone. Ukungu unapita, mti unaukamata, matone yanateremka shina mpaka ardhini, na ardhi inayatunza. Hakimu akaweka chupa yake chini ya tawi. Tulisimama tukihesabu: tone, kimya, tone. Akaambiwa kwamba Mto Voi unaanzia milima hii, akaacha kuandika. Mto Voi kwa watoto wangu ni mchanga wa kuchezea mpira nyuma ya nyumba.

Dakika hizo mbili ndizo pekee Kipaza alizonyamaza. Kisha akaona kinyonga mwenye pembe mbili, na bonde zima likapata habari. Alipokuwa akirukaruka kwa furaha, ndala yake ya kushoto ikabaki kwenye tope. Tuliitafuta nusu saa, tukaiacha, nikambeba mgongoni njia nzima ya kurudi.

Bibi Mlima alikuwa palepale kwenye gogo.

"Amekuja," alisema.

"Nani, Bibi?"

"Huyo ndege wenu. Mdomo wa chungwa, kichwa cheusi, tumbo jeupe, mbavuni rangi ya kutu. Alikuwa hapa karibu na mguu wangu akipindua majani, kama mama anayechambua mchicha."

Hakimu alifungua daftari, akalinganisha rangi mojamoja. Zote zilikuwa sawa. Machozi yakamlengalenga. "Mbona hukutuita?"

"Ningewaita, angekwenda."

Tulikula kimanga bila maneno mengi. Mama Mghoi alimkumbatia binti yake na kumwahidi kwamba tutarudi, na aliponitazama nilijua nauli nyingine imeshapangwa.

Chupa ilifika Voi na maji ya kina cha kidole. Hakimu akaiweka dirishani, akakataza mtu asiiguse. Asubuhi ilikuwa tupu. Kipaza alikuwa ameipeleka nyuma ya nyumba na kuimimina kwenye mchanga, ili mto uanze.

Dada yake hajamsemesha tangu Jumapili, na Mama Mghoi kila jioni anaulizia ile ndala ya kushoto.