Muulize Dokta Usukani

Safu ya wanaosafiri, wanaotarajia kusafiri, na waliokwisha lipiwa safari bila kuulizwa.

BARUA YA KWANZA

"Dokta Usukani, shikamoo. Tunaishi Houston. Mume wangu amekwisha lipia meli ya matembezi inayozunguka visiwa vya Karibi. Tukifika Aruba anataka tupande vile vigari vya wazi vya matairi manene, tufuatane na msafara mpaka porini. Mgongo wangu si mzuri na vumbi silipendi. Nikubali au nibaki melini? – Mama Wawili"

Marahaba, mwanangu. Umegonga mlango wenyewe. Ungemwuliza wakala wa safari angekutajia bei, maana bei ndiyo aijuayo. Mimi naijua barabara. Mwaka 1979, masika yamekolea, lori la Bedford lililosheheni kabichi liliteremka usiku kutoka Lukozi hadi Mombo: taa moja, breki za kubembelezwa, ukungu umemeza mpaka pua ya gari. Katika safari ile alikuwemo huyu anayekuandikia. Kona za Soni hazimtaki mtu aliyekuzwa kwa uji mwepesi. Tulipofika chini tajiri alihesabu mzigo wake, ikapungua kabichi moja tu, nayo niliitafuna mimi njiani kwa sababu ya baridi.

Nimelisema hilo ili ujue unaongea na nani. Swali lako lilikuwa nini vile? Ndiyo, Aruba.

Watu wakisikia Karibi wanafikiria mvua, migomba na matope. Aruba siyo. Ni kisiwa kikavu kilichomo katika Ufalme wa Uholanzi, urefu wake yapata kilomita 32, na Venezuela iko karibu kiasi kwamba siku hewa ikiwa safi unaiona ng'ambo ya maji. Vimbunga vikubwa kwa kawaida hupita kaskazini yake, vikaenda kusumbua wengine. Kinachoota ni madungusi marefu kuliko mlango, na mshubiri. Sisi huku shubiri tunampakia mama kwenye ziwa ili mtoto aache kunyonya. Wenzetu walikuwa wakiiuza nje, na mmea wenyewe wameuweka kwenye nembo ya nchi. Mtu na bahati yake.

Halafu kuna upepo. Mimi ni mtu wa Tanga, nimelelewa na kaskazi na kusi, pepo zinazopishana kwa zamu kama wake wenza wenye adabu. Aruba upepo ni mmoja, unatoka mashariki, na zamu haujui. Iko miti inaitwa divi-divi, imesukumwa maisha yake yote mpaka vichwa vimelalia kusini-magharibi. Ukipotea huko porini, fuata mti unakoelekeza kichwa, utatokea upande wa hoteli na bandari. Ushauri huo peke yake unatosha bei ya gazeti. Mengine nakupa kama nyongeza.

Upepo huohuo ndio utakaokulisha vumbi. Hapo mtakapoanzia msafara watawauzia vitambaa vya kufunga usoni. Usinunue. Beba kanga. Funika pua na mdomo, zungusha kichwani, fundo liwe nyuma, na upande wenye jina uelekee kwa mumeo. Chagua iliyoandikwa kitu cha kumpunguza mwendo. Kisha miwani, ya aina yoyote ile inayoziba pembeni. Kigari hicho mara nyingi hakina kioo cha mbele, na kokoto anayoirusha wa mbele haina ujamaa na mtu. Viatu vya kufunika vidole. Nguo ambayo ikirudi na rangi ya udongo hutalia.

Kuhusu mgongo, nina dawa ya uhakika. Kwa siku arobaini kabla ya safari, kaa juu ya mashine ya kufulia ikiwa inakamua blanketi mbili na tofali moja. Dakika ishirini asubuhi, ishirini jioni, huku mtoto mmoja anakung'utia zulia juu ya kichwa chako na mwingine anakupulizia feni usoni. Siku ya arobaini utaingia Aruba kama mwenyeji. Dawa hii nimeibuni mwenyewe na mpaka sasa hajatokea mtu wa kuipinga, wala wa kuijaribu.

Ama ukitaka lile jibu la watu wasio na ubunifu: waendeshaji wengi wa misafara hii hawapakii wajawazito wala wenye matatizo ya mgongo na shingo, na watakupa karatasi utie sahihi kwamba umeambiwa. Isome kabla ya kusaini. Humo ndimo walimoandika nani atalipa kigari kikigonga mwamba, na jina lililoandikwa humo si lao. Mumeo naye abebe leseni yenyewe, siyo picha yake kwenye simu.

Kigari chenyewe nimekichunguza kwa kina, kwenye picha, kwa miwani miwili. Mpwa wangu alinionyesha rungu la gia lenye herufi tano: P, R, N, H, L. Nikamwuliza, gia ya pili iko wapi? Akacheka, mtoto asiye na heshima. Kumbe gia za kubadilisha hazimo. Ndani kuna mkanda wa mpira unaozunguka, sawa kabisa na ule wa mashine ya kusaga ya mtaani. Nikaelewa papo hapo. Ukimpa yule mzee wa kinu mahindi mabichi, mkanda unateleza, mara harufu ya mpira imejaa mpaka msikitini. Na kigari ni vivyo hivyo. H ni ya mwendo wa njia iliyonyooka. Ikifika miamba na mpando, L. Mume atakayeng'ang'ania H mlimani ili aonekane dume ataunguza mkanda, na mtarudi mmevutwa kwa kamba mbele ya watalii wenzenu.

Njia yenyewe si mbaya. Huwa wanaanzia kaskazini-magharibi, kwenye mnara wa taa wa California. Usishangae jina, ilizama meli ya moshi iliyoitwa hivyo, mwaka 1891, karibu na pale. Mnapita kanisa dogo la manjano la Alto Vista, na magofu ya mawe ya Bushiribana ambako wakati mmoja walisaga mawe kutafuta dhahabu. Kisha mnapelekwa kutazama daraja la asili, upinde wa mwamba uliochongwa na mawimbi. Daraja hilo lilianguka mwaka 2005. Bado watu wanapelekwa. Lilipoanguka, pembeni lilisalia dogo lake, na mgeni akawa anapiga picha dogo huku akielezwa kubwa. Huo ndio ufundi, mwanangu: jambo limekwisha anguka zamani, na wenye nalo bado wanakula.

Asikudanganye mtu kwamba kigari chako kitaingia Hifadhi ya Taifa ya Arikok, iliyochukua karibu sehemu moja ya tano ya kisiwa. Vigari hivyo humo ni marufuku. Anayetaka kuona michoro ya watu wa kale katika pango la Fontein aingie kwa jipu. Nasema jipu la matairi manne, siyo lile linalotumbuliwa. Na ule ufuko wa upande wa upepo uutazame tu. Mawimbi yake hayaogelewi.

Mkikutana na punda njiani, punguzeni mwendo. Wahispania ndio waliowaleta, punda wakabeba mizigo miaka na miaka, magari yalipoingia wakaachiwa wajitegemee. Leo wana makao yao ya kutunzwa, kama wale wa Lamu. Punda namheshimu sana. Ni mfanyakazi mwenzangu.

Kwa hiyo jibu ni hilo. Nenda, au usiende.

BARUA YA PILI

"Dokta, natoka Mombasa, nitapandia meli Miami. Tikiti ya msafara wa vigari Aruba inasema 10:00, na meli inaondoka 4:00. Kaka yangu ananiambia nisiiamini saa yangu. Niamini ipi? – Mwenye Wasiwasi"

Kaka yako ana akili, ila hajafikia yangu. Saa ziko tatu.

Ya kwanza ni saa ya Kiswahili, iliyomo kichwani mwako. Hiyo 10:00 ni saa nne, na hiyo 4:00 ni saa kumi. Zimebadilishana nguo hizo, mwanangu. Ukiamka umekolewa na usingizi ukasoma 10:00 ukasema "aa, saa kumi", utafika kwenye msafara wakati meli imekugeuzia mkia.

Ya pili ni saa ya kisiwa. Aruba haibadilishi saa zake mwaka mzima, lakini Miami hubadilisha. Kwa hiyo majira ya baridi Aruba inakuwa mbele ya Miami kwa saa moja, na majira ya joto zinalingana. Mwenye vigari anafuata saa ya kisiwani kwake.

Ya tatu ni saa ya meli, na hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu ndiyo yenye nahodha. Nahodha akiamua kubaki na saa ya Miami, imekuwa hivyo, hata jua liseme vingine. Baridi ukiifuata saa hiyo Aruba utaukosa msafara. Cozumel, Mexico, wakati wa joto mambo yanageuka: simu yako inashika saa ya kisiwa, inabaki nyuma kwa saa nzima, unakula taratibu, na meli inakwenda. Nunua saa ya mkononi yenye mishale, itie saa ya meli, na simu uiachie kazi ya picha. Na kumbuka 4:00 ni saa ya kung'oa nanga. Watu hutakiwa wawe ndani nusu saa kabla, au zaidi.

Jambo jingine ambalo wengi hulijua wakiwa gatini wanapunga mkono: msafara ulioununua melini, ukichelewa, kwa kawaida meli inawangoja au wenye meli wanagharamia kuwafikisha bandari inayofuata. Ule ulioununua mwenyewe kwa bei nafuu, ukichelewa, nauli ya ndege ni yako. Sikukatazi cha nafuu. Nakuambia ukichukue cha mapema.

Uchungu wa kuachwa naufahamu. Siku moja pale Mombo niliteremka kununua machungwa ya shilingi mbili. Kugeuka, Bedford inaondoka. Nilikimbia nyuma ya lori lile, kandambili moja mguuni na moja mkononi, machungwa yanadondoka, napiga kelele "simama!" mpaka njia panda. Usiniulize dereva anakimbizaje lori lake mwenyewe. Barabara ina mafumbo.

Halafu usisahau: Aruba wanaendesha kulia. Wewe wa Mombasa ukitoka porini ukaingia lami, mkono utakuvuta kushoto kwa mazoea. Mkaripie.

BARUA YA TATU

"Dokta Usukani, salaam. Mimi nimekulia Mombo, nikiuza machungwa kwa abiria. Ile Bedford naikumbuka vizuri. Dereva wake alikuwa mzee mnene mwenye kipara. Wewe ulikuwa unalala juu ya kabichi. Mbona unajiita Usukani? – Muuza Machungwa wa Zamani"

Nafasi imebaki ndogo, nitajibu upesi.

Kwanza, sikuwa nalala. Nilikuwa nakagua mzigo kwa macho yaliyofungwa. Pili, chenji yangu unayo mpaka leo.

Tatu, sawa, nilikuwa utingo. Haya, mmefurahi? Lakini niulize: lori likishindwa mpando, nani aliruka na jiwe kulitia nyuma ya tairi? Dereva alikuwa na usukani wa kushikia. Mimi nilikuwa na kamba ya turubai na kabichi zinazoviringika, na miaka sita sikudondoka. Watu wenye kushika usukani ni wengi. Anayejua kupakiwa akafika mzima ni mmoja kati ya elfu.

Kwa hiyo Mama Wawili, narudi kwako, na sasa sikiliza ya kweli. Muulize daktari wa mgongo wako, yule aliyesoma. Akikataa, baki mjini Oranjestad. Ukiambiwa "bon bini" ujue umekaribishwa, nawe sema "danki" ukipewa, utapendwa. Akikubali, kaa kiti cha pembeni. Mkanda uufunge mpaka ubane. Shika chuma kilichowekwa mbele yako, usishike kile cha pembeni wala cha juu. Kigari kikilala upande, mwili utataka kutoa mkono au mguu ukizuie. Usitoe. Kizito kile, kinavunja. Mikono ndani, miguu sakafuni, mpaka kitulie. Kaeni nyuma ya wa mbele yenu kwa umbali wa kuliona vumbi lake bila kulila. Kiongozi wa msafara akitoa ishara ya kusimama, simameni. Akipita kushoto ya jiwe, nanyi kushoto. Asije mumeo akamwonyesha njia mtu anayepita pale kila siku.

Maji, kanga, viatu, leseni, saa ya meli. Nimemaliza.

Kuanzia wiki ijayo barua zinazotoka Mombo zipelekwe kwa mhariri wa kilimo.