Nashuka, Nashukuru

Mtu anayeendesha pikapu ya dizeli ya zamani hutambulikana hata akiwa amekaa barazani bila gari. Anaongea kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, anauliza jambo moja mara mbili, na ukimjibu anatazama kwanza midomo yako. Mimi ni mmoja wao. Pikapu yangu ni Hilux ya kebini moja, injini ya 3L, lita 2.8, na kazi yake ni kushusha machungwa ya Muheza hadi Tanga mjini. Kwa kubeba mzigo sina neno nayo. Hilux zinatengenezwa tangu mwaka 1968, na waliozibuni waliwaza mzigo kwanza. Dereva walimpa kiti na usukani, subira wakamwachia ajitafutie mwenyewe.

Kelele za gari la namna hii zina ukoo. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwashia moto. Hewa hubanwa mpaka ikawa ya moto mkali, dizeli ikipulizwa humo inalipuka yenyewe, ndiyo maana unasikia ile ka-ka-ka hata gari likiwa limesimama. Ongeza gia boksi, ongeza tairi juu ya lami, ongeza upepo unaopenya kwenye mipira ya milango iliyochakaa. Halafu yapo mabati yenyewe, ya paa na ya milango, mapana na membamba, yanayopokea mtikisiko wote huo na kuupaza upya. Kebini moja ina balaa la ziada: ukuta wa nyuma umegusana na kisogo chako, kwa hiyo tenga likigonga bodi, limekugonga wewe.

Tuliishi hivyo miaka mingi bila ugomvi, mpaka ile safari ya Pongwe. Mbele tulikaa watatu. Mke wangu katikati, amekunja magoti kukwepa gia, na mama mkwe dirishani, anakwenda kumtazama dada yake. Tulipofika Pongwe mama mkwe akasema, "Nashuka." Mimi nikasikia "Nashukuru." Nikamjibu kwa adabu zote, "Usijali mama, ni wajibu wangu," nikabadilisha gia. Akarudia kwa nguvu. Nikamwambia kati yetu shukrani ya nini. Mke wangu alicheka hata akashindwa kunitafsiria. Tulisimama Muheza. Mama mkwe alishuka bila kuaga, akavuka barabara, akangoja basi la kurudi Pongwe.

Jioni ile hukumu ilitolewa mezani. "Baba Asha, ama gari hilo linyamaze, ama mimi na mama tuwe tunapanda basi."

Fundi wangu yuko Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba. Aliposikia shida yangu alisema dawa anayo, tena ya bei poa: godoro. Tukate godoro la sponji, tulipachike milangoni na darini, kwisha habari. Nilimkumbusha jirani yetu mmoja aliyefanyiwa hivyo. Sponji ya godoro ina vitundu vilivyo wazi, inakunywa maji na haiyaachii, na masika yalipopita jirani yule alikuwa anafuga kuvu za rangi tatu. Fundi akaja na wazo la pili, karatasi za lami, zile wanazofunika juu ya mapaa ya zege. Kwa Tanga? Gari lililoachwa juani saa saba mchana mwezi wa Februari linapata joto la kutosha kuilainisha lami ile, ianze safari ya polepole kutoka darini kwenda kichwani kwa dereva, huku inanuka.

Tukaishia kwenye butili, yeye shingo upande. Butili ni mpira laini unaonata, unene wake kama milimita 2, umevishwa karatasi ya alumini upande mmoja. Bati likitikisika, ule mpira unavutwa huku na huku kati ya bati na alumini, na nguvu ya mtikisiko inageuka kuwa joto dogo ambalo hata mkono hauligundui. Kabla ya kubandika, gonga mlango kwa vidole, unalia sauti ya debe tupu. Baada ya kubandika unajibu "du", basi. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kufunika bati lote. Robo ya eneo, ikikaa pale katikati panapotikisika zaidi, inatosha kulituliza. Nilifurahi sana kuisikia habari hiyo ya robo, maana bei ya butili ilinifanya niombe kiti dukani. Fundi hakufurahi. Kwake yeye kazi ya robo ni kazi ya mtu aliyefukuzwa.

Viti vikang'olewa, kapeti likafunuliwa. Chini yake tulikuta sarafu, peni, mche wa mchungwa uliojaribu kuota na kukata tamaa, na ufunguo wa kabati tulilovunja mlango wake zamani kwa kuukosa ufunguo huohuo. Upande wa abiria hatukukuta sakafu. Kutu ilikuwa imekula bati, kapeti ndilo lililokuwa likibeba miguu ya mama mkwe, na kupitia tundu lile nilimwona kuku akipita chini ya gari. Kwa hiyo kabla ya kunyamazisha chochote ilibidi aitwe fundi bodi, akaja na mtungi wake wa gesi, akachomelea kiraka, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akadai chake. Nawaambia watu, gharama ya butili ni ile unayoiona dukani. Ile ya kutu inakusubiri chini ya kapeti.

Butili inataka bati safi lililofutwa kwa spiriti, kisha ikandamizwe kwa kirola mpaka zile nakshi za alumini zilale. Kirola hatukuwa nacho. Sijui nani alimtuma saidia fundi nyumbani kwangu, ila alirudi na mti wa mke wangu wa kusukumia chapati. Ulifanya kazi nzuri kweli, sikatai. Jioni uliporudishwa jikoni umeoshwa kwa petroli ili gundi itoke, mke wangu aliunusa mara moja, akauweka kwenye kuni. Wiki ile tulikula mikate ya dukani. Saidia fundi naye alilipia sehemu yake, maana kingo za ile alumini zina makali ya wembe. Alimaliza kazi amefungwa vitambaa vidole vyote, hata kushika spana ikawa anaishika kwa viganja.

Juu ya butili sakafuni tuliweka sponji ngumu isiyonywa maji, na juu yake shiti zito la vinili, kilo 5 hivi kwa mita moja ya mraba, maana sauti ya injini huzuiwa na uzito, haibembelezwi. Hapo sina kisa.

Kisa kiko milangoni. Wengi hawajui kwamba mlango wa gari umeumbwa uvuje. Mvua inayoteremka kwenye kioo huingia ndani ya mlango kupitia ule ufa wa chini ya kioo, inatiririka ndani kwa ndani, na kutokea kwenye vitundu vidogo vilivyo ukingoni kabisa chini. Saidia fundi alipoviona vitundu vile alivihurumia. Gari la mzee limetoboka, alijisemea, akaviziba kimoja baada ya kingine kwa butili safi, akaikandamiza kwa vile vidole vyake vyenye vitambaa. Hakumwambia mtu. Aliona ni zawadi.

Masika yakaingia. Nikaanza kusikia, kila nikikata kona, sauti ya mawimbi. Nilipinda kushoto, bahari ikaja kulia. Fundi nilimpigia simu, akasema ni masikio yangu hayajazoea ukimya. Tena kipande kimoja cha butili kilikuwa kimebandikwa kwenye njia ya kioo cha dereva, kwa hiyo kioo hakishuki. Basi nakaribia Muheza, askari wa usalama barabarani akanipungia nisimame. Nikasimama. Akagonga kioo. Nikamwonyesha kwa ishara kwamba hakifunguki. Akagonga tena. Ikabidi nifungue mlango ili nimwamkie.

Maji yalipita kwenye tundu la spika. Hayakutoka kidogo kidogo, yalimwagika kwa pamoja, yakatua juu ya viatu vyake vilivyong'arishwa vizuri. Alivitazama viatu, akautazama mlango, akanitazama mimi. Nikasema, "Habari za kazi, afande." Akaniuliza, "Mzee, kibali cha kubeba samaki unacho?" Kisha akazunguka upande wa pili, akasimama mbali, akaniamuru nifungue na mlango ule. Na wenyewe ulikuwa nayo. Alicheka, ahsante Mungu, na akaniachia niende, lakini hadi leo nikipita ananiuliza kama samaki wamekua.

Vitundu vilizibuliwa kwa bisibisi, kioo kikapata njia yake, na hapo ndipo nikaonja matunda ya kazi. Programu ya simu ilionyesha kelele zimepungua kwa desibeli 5 hivi. Usiibeze. Ni kweli sikio hutaka zishuke kama 10 ndipo likubali kwamba kelele imekuwa nusu, lakini 5 zinatosha kutenganisha "nashuka" na "nashukuru". Zingepungua zaidi kama ukuta wa injini usingekuwa na matundu ya nyaya yaliyokosa mipira yake. Ukuta wenye uwazi wa asilimia 1 tu hauwezi kukukinga zaidi ya desibeli 20, hata uwe wa zege.

Shida ni kwamba injini ilikuwa imewafunika wengine. Ilipopunguza sauti, wote wakajitokeza. Bearingi ya gurudumu la nyuma ikaanza kusikika, kumbe ilikuwa imelia muda mrefu tu bila msikilizaji. Dashibodi ikawa inasaga meno. Kitu fulani, nadhani ni nati, kinabingirika mahali fulani nyuma ya redio, na kila fundi anayekitafuta anakitafuta upande usio wake.

Halafu mama mkwe akakubali kupanda tena. Kumbe safari zote zile nilizokuwa nikimwitikia "ndiyo, mama", yeye alikuwa akizungumza mambo mazito. Nilikuwa nimekubali kumjengea jiko. Nilikuwa nimekubali shemeji yangu mdogo aje akae kwetu wakati wa masomo. Na mahali fulani kati ya Pongwe na Mkanyageni nilikuwa nimekubali kwamba mahari niliyotoa ilikuwa ndogo. Yote hayo yana shahidi, aliyekaa katikati. Nilipojaribu kusema kwamba sikusikia, mama mkwe akajibu kwa sauti ya upole, na safari hii nilimsikia kila neno, kwamba yeye pia hakusikia nikikataa. Jiko linajengwa. Mabati tumeshanunua, ya geji 30, na mvua ya kwanza ikipiga pale juu tutaona nani ataomba butili.

Nawe mwenye pikapu, ukiamua kuifanya kazi hii, fanya, ina faida. Nunua kirola chako. Na fundi akikwambia amemaliza, chukua mpira wa maji, umwagie kioo kwa nje, kisha piga magoti uangalie chini ya mlango. Maji yasipotoka, usimlipe.